Wanataka kumkatia tiketi ya Meksiko, na mimi ndiye ninayejua kwa nini hawezi kwenda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, Texas. Tuko wanawake wanane, wengi Watanzania, Wakenya wawili na Mkongomani mmoja, tuliojuana kwa kanisa, kwa misiba na kwa kusukana nywele. Mwenzetu mmoja anatimiza miaka 40 mwezi wa saba. Akasema hataki ukumbi wala sare, anataka twende wote Tulum, Meksiko, tukae ufukweni wiki nzima. Kutoka hapa hadi Cancún, tutakakoshukia, ni saa mbili na ushee kwa ndege, na wengi wetu hatujakanyaga ufukwe wa maana tangu tutoke nyumbani. Tulikubali kwa vigelegele.

Kwa kuwa mimi ndiye hushika michango yetu yote, nikapewa na huu. Tumepata nyumba ya vyumba vinne, dola 4,800 kwa wiki, yaani 600 kila mtu. Nusu yake, dola 2,400, niliilipa kwa kadi yangu ili tusipoteze nafasi, na kila mmoja akatakiwa anirudishie 300. Watano wamerudisha. Wawili kila siku ni kesho, na ndio hao hao wanaoongoza kuchagua boti, mpiga picha na magauni meupe. Nusu ya pili inatakiwa wiki tatu kutoka leo. Tukighairi kabla ya hapo tunarudishiwa nusu ya tulicholipa. Baada ya hapo haturudishiwi kitu.

Lakini kilichonifanya nikuandikie si hela. Kati ya waliolipa yumo rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Mwezi uliopita aliandika kwenye grupu kwamba hataweza kwenda, kazi imembana. Ukweli ninaujua mimi peke yangu. Aliomba hifadhi ya ukimbizi hapa Marekani miaka kadhaa iliyopita na kesi yake bado haijaamuliwa. Ana kibali cha kazi, ana leseni ya udereva, analipa kodi, kwa macho huwezi kumtofautisha na mwenye uraia. Nimejua kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka siku ya kuchukuliwa alama za vidole. Tukiwa garini akaniapisha nisimwambie mtu, hata mume wangu. Sijamwambia.

Tangu aseme haendi, grupu halimwachi. Walianza kwa utani, eti bahili, eti anazika hela. Siku hizi utani umekuwa mkali. Mmoja aliandika, "Wengine wakati wa misiba yao tulikesha, leo furaha yetu wako kazini." Aliusoma, akaweka alama ya moyo, akanipigia simu analia.

Sasa mwenye bethidei, kwa moyo mzuri kabisa, ameamua kumfanyia sapraizi. Amechangisha pembeni hela za tiketi ya rafiki yangu, na anataka nimpe jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti na tarehe yake ya kuzaliwa, maana anajua mimi humjazia fomu zake. Bei ya ofa inaisha Jumapili. Nimemkwepa siku tatu, na ameanza kuniuliza nina nini.

Na kuna jambo linalonitisha zaidi. Majuzi rafiki yangu aliniambia, "Labda niende tu, nimechoka kuonekana mbaya. Nimesikia Meksiko ni hapo jirani, mtu unapita na leseni ya Texas na kibali cha kazi na unarudi bila maneno." Sikujua nimjibu nini. Sheria sizijui. Nikimkatisha tamaa naogopa, nikinyamaza naogopa.

Nifanyeje Shangazi? Niwaambie wenzangu ukweli ili wamwache? Na hizi hela zilizokwama kwenye kadi yangu nizidai vipi bila kuvunja urafiki?

Mweka hazina, Houston

*

Marahaba mwanangu,

Rafiki yako asiende. Mpigie leo umwambie hivyo, kabla ya kushughulika na grupu, tiketi au hela.

Kwa kanuni za uhamiaji za Marekani, mtu aliyeomba hifadhi akitoka nje ya nchi kabla ombi lake halijaamuliwa, na hana kibali cha kusafiri alichopewa mapema, anahesabiwa kuwa ameliacha ombi hilo. Haijalishi ametoka kwa wiki moja au kwa chakula cha mchana ng'ambo ya mpaka. Kama kesi yake iko mbele ya jaji wa uhamiaji, mambo ni mazito zaidi. Kibali chenyewe huombwa kwa fomu I-131 kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, hakipatikani kwa haraka ya ofa ya Jumapili, na hata aliyekipata hana uhakika: afisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua kumwingiza au kumzuia.

Huyo aliyemwambia kwamba kibali cha kazi kinatosha amemwambia jambo linaloweza kumharibia maisha. Kibali cha kazi kinamruhusu kufanya kazi Marekani. Si hati ya kurudia nchini, na leseni ya Texas vilevile si hati ya kurudia. Halafu Meksiko nayo ina masharti yake. Raia wa Tanzania, wa Kenya na wa Kongo wanatakiwa visa ya Meksiko. Meksiko huwasamehe visa hiyo wenye visa ya Marekani iliyo hai au ukaazi wa kudumu wa Marekani, na kibali cha kazi hakimo katika msamaha huo. Kwa hiyo huenda akazuiwa Houston kwenye kaunta ya shirika la ndege, mbele ya wenzake saba na magauni yao meupe. Na akibahatika kupita, huenda akakwama Cancún siku ya kurudi, kazi yake iko Houston, nyumba yake iko Houston, na kesi aliyoisubiri miaka imehesabiwa kuwa imeachwa.

Mweleze hivyo bila kupunguza. Unasema unaogopa kumkatisha tamaa. Anayejihatarisha ili kuwafurahisha wenzake anahitaji mtu mmoja anayempenda amwambie hapana kwa sauti inayosikika. Kisha mwambie azungumze na wakili wake wiki hiihii, maana kanuni za uhamiaji zinabadilika na mimi siijui faili yake. Kama hana wakili, mahakama za uhamiaji zina orodha ya wanasheria wanaosaidia bila malipo kwa kila jimbo, na Texas imo. Asiende kwa mtu wa mtaani anayesifika kwa kujua makaratasi.

Katika simu hiyohiyo mwambie kuhusu tiketi. Najua sapraizi haisemwi, lakini hii inamgusa yeye moja kwa moja na ana haki ya kuijua kabla haijamwangukia. Muulize anataka nini kisemwe na kipi kisisemwe. Kama yuko tayari mwenye bethidei aambiwe, aambiwe na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Kama hayuko tayari, wewe huna ruhusa, na jibu la swali lako la kwanza ni hapana: usiwaambie. Unawajua wenzako na unawaamini, sawa. Lakini grupu lina watu wanane, kila mmoja ana mume au dada au mtu wa ofisini, na habari ya mtu mwenye kesi ya hifadhi haitakiwi kusafiri hivyo. Wapo wanaokimbia mambo ya nyumbani ambayo hata jina la mji wao hawapendi litajwe. Yeye alikuapisha wewe peke yako.

Lakini kutosema siri si lazima kuwe kusema uongo, na hapa ndipo umejifunga bure siku tatu. Mpigie simu mwenye bethidei. Usimwandikie, ujumbe hupigwa picha ukatumwa. Mwambie hivi: "Dada, moyo wako nimeuona na nakushukuru. Lakini mwenzetu amesema haendi, na mimi namwamini. Taarifa za pasipoti yake siwezi kukupa, si mali yangu. Tiketi hiyo itamweka mahali pa kueleza mambo asiyotaka kuyaeleza. Naomba unisaidie tuliache." Atakuuliza unajua nini. Mjibu: "Ningekuwa najua lako, ningelinyamazia vilevile." Mtu aliyetoa hela zake mfukoni ili mwenzake asibaki nyuma ataelewa maneno hayo. Kisha mwombe yeye, kwa kuwa sherehe ni yake, ndiye akomeshe masimango kwenye grupu. Akiandika yeye kwamba aliyeshindwa ameshindwa na bado ni mwenzetu, hakuna atakayeendelea. Ukiandika wewe, wataona unamtetea rafiki yako.

Siku mbili tatu baadaye, na usiichanganye na habari ya rafiki yako kwa sababu watu huunganisha mambo, tuma kwenye grupu kanuni ya hati kwa wote: kila mtu anajikatia tiketi yake mwenyewe, na kila mtu anakagua hati zake mwenyewe kabla ya kulipa. Ina maana yake kamili hata kama rafiki yako asingekuwepo. Mwenye grin kadi, ile ya ukaazi wa kudumu, atahitaji pasipoti pamoja na kadi yenyewe mkononi, picha ya kwenye simu haitoshi. Mwanafunzi akague kama visa yake ya Marekani bado iko hai na kama fomu yake ya chuo ina saini ya ruhusa ya kusafiri. Wapo wengi wanaokaa Marekani kihalali kabisa huku visa iliyobandikwa kwenye pasipoti imeshaisha muda, na hawajui hadi siku ya safari. Huenda mmoja katika hao saba yuko hivyo na hajasema. Andika pia kwamba asiyeweza kwenda atasema tu siendi, na hataulizwa sababu.

Sasa hela.

Hesabu yako ya leo ni hii. Kadi yako imebeba dola 600 za watu wawili wasiolipa. Rafiki yako akitoka na hao wawili wasipolipa, mtabaki watano mnaobeba dola 4,800, na kila mmoja atalipa 960 badala ya 600. Umeipeleka hesabu hiyo kwenye grupu? Nadhani hapana. Watu wengi huamini kwamba wasipolipa wao, nyumba ipo tu. Waandikie tarakimu hizo waziwazi, na utaje tarehe: siku kumi kabla ya malipo ya pili, kila mtu awe amekamilisha 600 zake zote. Asiyekamilisha amejitoa. Mkiwa pungufu, ghairini nyumba hiyo mkiwa bado ndani ya muda, mchukue nusu inayorudi, mtafute ndogo. Utapoteza dola 1,200 za kundi zima, na inauma, lakini mtagawana wote hasara ya 150 kila mtu. Ukilipa nusu ya pili kwa kadi yako kwa matumaini, hasara itakuwa yako peke yako na riba juu. Usiilipe. Hata wakikuita mkali, usiilipe.

Wale wawili usiwadai kwenye grupu. Mpigie kila mmoja kwa wakati wake, na uanze kwa kumuuliza kama safari hii anaimudu. Mara nyingi mwenye kelele nyingi kuhusu boti na mpiga picha ni yule aliyeishiwa na anaona aibu. Mpe mlango wa kutokea: "Kama mwezi huu mgumu, niambie tu, tutapanga kwa idadi tuliyonayo." Akisema ataweza, mpe tarehe ileile ya wote. Na huo mpango wa boti usubiri hadi nyumba ilipwe.

Rafiki yako arudishiwe 300 zake. Alijitoa mapema, kabla ya malipo ya pili, na wote walikuwa na muda wa kujipanga. Sehemu yake ya 600 mkiigawana saba ni dola 86 kila mmoja, au mtafute wa nane. Atakataa kuzipokea, nakuambia mapema, kwa sababu anajisikia ana hatia. Mtumie tu. Ada za wakili zinamsubiri.

Niseme kidogo kuhusu Tulum yenyewe, kwa kuwa nimeona mmepanga mwezi wa saba na hakuna aliyegusia. Pwani ile ya jimbo la Quintana Roo inaelekea bahari ya wazi upande wa mashariki, na tangu 2014 na 2015 hivi inapokea mwani wa kahawia unaoelea, sargassum, kwa wingi ambao haukuwa unajulikana zamani. Msimu wake huanza kama mwezi wa tatu au wa nne na hufika hadi mwezi wa nane. Ninyi wa Tanga mwani mnaujua, lakini huu si ule wa kupanda kwa kamba na kuanika. Unakuja kama zulia, unarundikana mchangani, ukioza unanuka mayai viza, na maji ya buluu mliyoyaona kwenye picha yanageuka rangi ya chai. Siku nyingine haupo kabisa. Inategemea upepo na mkondo. Kama mtalazimika kubadilisha nyumba, fikirieni upande wa magharibi wa kisiwa cha Cozumel, au ufukwe wa Playa Norte kwenye kisiwa cha Isla Mujeres, ambako mara nyingi mwani ni kidogo. Cozumel mnavuka kwa feri kutoka Playa del Carmen. Na mkibaki Tulum, pangeni siku za kwenda kwenye cenote, yale mashimo ya chokaa yenye maji baridi na safi ambayo mwani wa baharini haufiki. Nyingi hawaruhusu kuingia ukiwa umejipaka mafuta ya jua au losheni, muoge kwanza.

Mwezi wa saba pia uko ndani ya msimu wa vimbunga, unaoanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Hilo watu wa Houston hamhitaji kufundishwa. Kimbunga Beryl kilichowaacha gizani Julai 2024 kilipiga karibu na Tulum kwanza, tarehe 5, ndipo kikafika Texas tarehe 8. Baadhi ya waliokuwa likizo kule walihamishwa kutoka hotelini. Someni masharti ya mwenye nyumba kuhusu kimbunga, na kila mtu akate bima ya safari mapema, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina, bima mpya haikifidii. Ufukweni angalieni bendera. Nyekundu msiingie, nyeusi msiyasogelee hata maji, na najua kati yenu wapo wasiojua kuogelea.

Kwa rafiki yako, sherehe isimpite. Mwenye bethidei anaweza kuanza sherehe yake Houston usiku mmoja kabla ya safari, nyumbani kwa mtu, wote wanane, keki ikatwe hapo. Au mkirudi, muende Galveston kwa siku moja, ni kama kilomita 80 tu kutoka kwenu, mchome samaki mchangani. Akitokea mwenye huruma wa kusema "basi tubadilishe wote, twende South Padre Island, ni Texas hukohuko," wewe lipinge kimyakimya. Ukirudi kaskazini kutoka kule unapita kituo cha ukaguzi cha walinzi wa mpaka, cha Sarita kwenye barabara ya 77 au cha Falfurrias kwenye 281, na kila gari linasimamishwa watu waulizwe uraia wao. Mwenye ombi linalosubiri yuko nchini kwa utaratibu, lakini asiende kuulizwa maswali hayo barabarani, ndani ya gari lenye watu sita wasiojua habari zake, bila kwanza kuongea na wakili wake.

Na kama barua hii inakufikia wameshapata taarifa zake kwa njia nyingine na tiketi imenunuliwa, usipoteze muda kulaumiana. Tiketi ya ndege inayoondoka Marekani, ikiwa imenunuliwa moja kwa moja kwa shirika la ndege siku saba au zaidi kabla ya safari, inaweza kufutwa ndani ya saa 24 na hela zote zikarudi kwenye kadi. Baadhi ya mashirika badala yake hukuwekea nafasi kwa saa hizo bila kulipa. Mpigie mwenye bethidei, muulize alinunua saa ngapi.

Shangazi